Mtoto kaniuliza: kama chini ni moto, mbona maji ya pampu ni baridi?

MwalimuMpakani

Wakuu habari za jioni. Nafundisha P.5, yaani darasa la tano, huku upande wa Bwera, wilaya ya Kasese, Uganda mpakani na Kongo, darasa lina watoto themanini na kitu, Bakonzo ndo wengi, Batooro wapo, na wapo waliovuka na wazazi wao toka Kongo, kwa hiyo nikimaliza kueleza kwa Kiingereza narudia kwa Kiswahili maana ndo lugha ya sokoni na kila mtoto anaishika.

Wiki jana somo lilikuwa jinsi ganda la dunia linavyobadilika. Nikachora yai ubaoni kama nilivyochorewa mimi enzi hizo, hili ganda, huu ute, hiki kiini, nikasema chini ya ganda kuna uji wa mawe yaliyoyeyuka na sisi tunaelea juu yake. Nimelisema kwa mkazo kabisa. Mtoto mmoja wa nyuma, yule ambaye daftari lake kila siku liko nyumbani, akanyoosha mkono. "Ticha, kama chini ni moto mbona maji ya pampu ni baridi? Na mbona choo cha shimo hakitoi moshi?"

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, nikamwambia kaa chini. Jioni nimeenda kuteka maji nikashika bomba la ile pampu, baridi kama nini, ndo nikaanza kujisikia vibaya. Mtoto kauliza swali zuri kuliko somo lote nililotoa na mimi nimemjibu kwa kicheko.

Sasa naomba msaada wa mambo mawili. Namjibu nini huyu mtoto, na nyie wenzangu hili somo mnalifundishaje bila vifaa? Maana watoto wangu wanaiona milima ya Rwenzori dirishani kila asubuhi lakini kitabuni tunaonyeshwa milima ya Asia.

kijana_wa_kabalagala

Mwambie huko chini nako umeme unakatika 😂

Fundi Mawe

Mwalimu huyo mtoto mlete Buliisa nimnunulie soda. Mimi mawe ndo kazi yangu, nimesoma hayo na sa hizi niko huku kwenye visima vya mafuta, ngoja nikae vizuri.

Pampu ya shule inashuka mita ngapi? 60, tuseme 80. Joto la ardhini linaongezeka kama nyuzi 25 mpaka 30 kwa kila KILOMITA unayoshuka, huo ni wastani, kuna sehemu inazidi. Piga hesabu ya mita 80, hazifiki hata nyuzi 3, mkono wako hauwezi kuzisikia. Warusi walianza kuchimba shimo kule Kola mwaka 1970, wakahangaika nalo karibu miaka ishirini wakafika mita 12,262, chini kabisa wakakuta nyuzi 180 hivi, mawe yanakuwa laini shimo linajifunga, wakaacha. Na bado walikuwa ndani ya ganda hawajalitoboa! Ganda chini ya mabara lina unene wa kilomita 35 mpaka 40 kwa wastani, chini ya bahari ni jembamba kama 7 tu. Kutoka ulipokanyaga mpaka katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Choo cha shimo ni kama sisimizi amekwaruza ganda la fenesi halafu analalamika mbona sioni utomvu.

Hilo la kwanza. La pili ni lako wewe mwalimu, usinichukie. Ule uji haupo.

MwalimuMpakani

Haupo vipi?

Fundi Mawe

Tabaka lililo chini ya ganda, wengine wanaliita koti, ni JIWE. Jiwe gumu. Yai linadanganya pale kwenye ute, ganda kuwa jembamba hapo yai limesema kweli.

Ila jiwe likiwa na joto kali na mgandamizo mkubwa, ukalipa muda, linasogea. Kama lami. Umeona barabara ya Kasese saa nane mchana pale malori yanapopaki? Ile lami ukiipiga nyundo inakupasulia kokoto usoni, ngumu, lakini baada ya miezi matairi yameshachimba mifereji miwili na hakuna siku mtu aliiona inatiririka. Koti liko hivyo, gumu kwa leo, laini kwa miaka milioni.

Magma yenyewe, mawe yaliyoyeyuka kweli, inatokea sehemu chache tu, pale jiwe linapopanda juu mgandamizo ukapungua au maji yanapoingia kati. Sio bahari iliyozunguka dunia nzima.

Na mtoto akikuuliza umejuaje (huyo wako atauliza) mwambie matetemeko ndo yanatuambia. Tetemeko linatuma mawimbi ndani ya dunia, lipo linalosukuma mbele na nyuma, na lipo linalotikisa pembeni kama kamba ya kurukia. Hili la kutikisa haliwezi kupita kwenye kitu cha majimaji. Kwenye koti linapita vizuri tu, likifika kiini cha nje linakwama. Basi kilichoyeyuka ni kiini cha nje, chuma na nikeli, kilomita kama 2,900 chini ya miguu yako.

MwalimuMpakani

Miaka 11 nafundisha uji banange.

Afande Mstaafu

Mwalimu pole lakini usijilaumu, sisi wote tulikunywa huo uji. Kiswahili changu ni cha jeshini mtanisamehe. Nilikuwa kazini Bundibugyo zamani, kule Sempaya maji yanatoka ardhini yanachemka kabisa, mvuke unauona mbali. Tulikuwa tunafunga mayai kwenye kitambaa tunayatumbukiza, dakika kumi unakula. Sasa Fundi, yule mtoto akisema pampu ni baridi lakini Sempaya ni moto na zote ziko chini ya mlima mmoja, unamwambiaje?

Fundi Mawe

Afande swali zuri. Maji ya pampu ni ya juu juu, mvua imenyesha ikachujwa na udongo ikatulia hapo. Maji ya Sempaya yamesafiri. Pale pana ufa mkubwa wa bonde unapita mguuni mwa mlima, maji ya mvua yanazama na zile nyufa mpaka mbali sana chini, yanapata joto, halafu yanapanda haraka kwa ufa mwingine kabla hayajapoa. Chemchemi ya Kitagata kule Sheema nayo moto wake ni huo huo wa kusafiri ndani.

Mwalimu hapo una somo zima. Pampu, Sempaya na lile ziwa la chumvi la Katwe ambalo limekaa ndani ya shimo la mlipuko wa volkano. Watoto wa Kasese wamekula chumvi ya Katwe toka wazaliwe halafu wanakaririshwa Japani.

Mama Tendo

Mimi niko Kampala sio mwalimu, ni mama tu, lakini nina malalamiko. Kijana wangu wa P.4 alirudi nyumbani mwaka jana akasema ticha kasema Afrika itapasuka katikati. Basi. Hakuelezwa lini wala vipi. Wiki nzima halali chumbani kwake, anakuja kwetu na blanketi, ikipita lori nzito barabarani anaamka anashika ukuta. Nikamuuliza unaogopa nini akasema "mama sijui nyumba yetu iko upande gani wa ufa." Nilitaka kucheka nikaona machozi.

Kwa hiyo nyie mabingwa mkifundisha mambo haya muwaambie na ukubwa wa miaka, msiwape ufa bila saa.

Fundi Mawe

Mama Tendo umesema kitu. Mwambie kijana aangalie kucha yake ya kidole. Kucha inakua kama milimita 3 kwa mwezi. Huu upande wetu wa magharibi wa bonde la ufa unafunguka milimita mbili tatu kwa MWAKA. Yaani kucha ikikua mwezi mmoja, bonde linatumia mwaka mzima kufika hapo. Kampala haipo hata kwenye ufa, ipo katikati ya kipande kimoja kilichotulia, nyufa zimepita pembeni, huku Ziwa Albert na kule Kenya.

Mama Tendo

Hiyo ya kucha nimemwambia hapa hapa. Kaenda kutafuta rula.

Babu wa Bundi

Wajukuu zangu nasoma kimya kimya lakini hapa niseme. Kucha ni kweli lakini kuna siku kucha inaruka.

Mimi nilikuwa mtoto mwaka 1966, mwezi wa tatu tarehe 20, alfajiri ya Jumapili. Tulikuwa tumelala. Nilisikia kwanza sauti, kama lori la mchanga linamwagwa mbali, halafu mbwa, halafu kitanda kikaanza kutembea. Nyungu za bibi zote zilivunjika, ule mlio wa nyungu mpaka leo ninao. Baba alitubeba wawili kwapani akatutoa. Nyumba za udongo zilizojengwa vibaya zililala chini na watu ndani, walikufa watu zaidi ya mia huku Toro na upande wa pili wa mpaka. Asubuhi wazee wakaonyesha ardhi imechanika bondeni upande wa Semliki, nyasi huku ziko juu na nyasi kule ziko chini kidogo, kama ngazi.

Halafu usiku wa tarehe 5 Februari 1994 ikaja nyingine, ile ya Kisomoro, nilikuwa mtu mzima, na ule mlio niliujua kabla kitanda hakijatikisika.

Kwa hiyo mwalimu ukisema taratibu, taratibu, useme na hilo. Mtoto akisikia ni milimita tu atafikiri ni mchezo.

MwalimuMpakani

Mzee shikamoo, na asante. Sasa hapo ndo panaponichanganya kufundisha. Kama inasogea taratibu kila siku, mbona hatuisikii kila siku, inasubiri miaka ndo inaruka?

Afande Mstaafu

Hilo hata mimi najibu. Sukuma kabati zito kwenye sementi. Unasukuma haliendi, unasukuma haliendi, ghafla linaruka hatua moja na glasi zinaanguka. Wewe ulikuwa unasukuma muda wote.

Fundi Mawe

Afande umeninyang'anya kazi. Ndo hivyo hasa. Nguvu inajikusanya kila siku, ufa umebana, siku ukiachia ndo Babu anavunjiwa nyungu.

Kisoro_Baridi

Huku kwetu Kisoro tuna Muhabura (mita 4,127) na wenzake, volkano zilizolala, na usiku hewa ikiwa safi mbingu ya upande wa Kongo inakuwa nyekundu, ni Nyiragongo. Watoto huku ukiwaambia volkano hawaulizi ni nini.

Mwalimu umesema una watoto waliovuka toka Kongo, waulize. Hapa kwetu yupo binti alikuwa Goma Mei 2021 Nyiragongo ilipotapika, tarehe 22, Jumamosi jioni. Siku alipoeleza darasani kwamba lava haikuwa inakimbia kama maji, ilikuwa inatembea na kula nyumba moja moja na watu wamesimama pembeni wanaangalia, hakuna hata mmoja aliyechezea kalamu. Lakini umuulize kwanza pembeni kama anataka kusema, wengine bado inawauma, usimsimamishe mbele tu kama kifaa cha kufundishia.

MwalimuMpakani

Hilo la mwisho nimeliandika.

Ndugu Mwamini

Nauliza kwa nia njema. Hizi hesabu za mamilioni mnawapa watoto wa miaka kumi, hamuoni mnawagonganisha na wanachofundishwa kanisani na msikitini? Na kusema kweli milioni kwa mtoto ni neno tu, hata mimi milioni naijua ya shilingi.

Dereva wa Magharibi

Ndugu Mwamini ya dini sina jibu, mimi Jumapili naendesha. Lakini ya milioni niachie, maana nimekuwa naendesha basi Kampala Fort Portal miaka mingi na kuna abiria mmoja mwalimu alinipigia hesabu hii njiani mpaka nikakosa stopu.

Barabara ni kama kilomita 300. Dunia ina miaka bilioni 4 na nusu. Tufanye dunia imezaliwa Kampala na leo ni Fort Portal stendi. Kilomita moja inakuwa miaka milioni 15. Mita moja ni miaka 15,000.

Unatoka Kampala hakuna kitu chenye uhai. Unafika Mityana ndo unaanza kuona vijidudu vya kwanza kabisa. Unakaribia Mubende ndo hewa inaanza kupata oksijeni. Unalala unaamka, Kyenjojo, bado hakuna mnyama wa kueleweka! Wanyama wenye magamba na miguu wanapanda basi zimebaki kama kilomita 36. Wale madinosaria wanakufa zimebaki kilomita 4 na nusu, yaani majani ya chai yameshapita na watu wanashusha mizigo. Mlima Elgon unalipuka zimebaki kilomita moja na nusu hivi. Bonde letu la Albert linaanza kufunguka ndani ya kilomita ya mwisho. Ziwa Victoria lote hilo limezaliwa mita 27 kabla ya stendi, hazifiki hata mabasi matatu yakipangwa!

Na Babu wa Bundi na miaka yake yote, nusu sentimita. Babu usinikasirikie.

Babu wa Bundi

Sikasiriki mwanangu, hiyo nusu sentimita nimekula vizuri.

Mama Tendo

Madinosaria kufia karibu na mji 😂😂 hii nawasomea wote nyumbani

Fundi Mawe

Dereva hesabu ni sahihi nimezipitia. Ongeza hii ya Ziwa Victoria, lilikauka kabisa kama miaka 15,000 na kitu iliyopita, wakati wa ukame mkubwa. Kwenye barabara yako ni mita moja tu na ushee kabla ya stendi. Ukinyoosha mguu umefika.

Na lilivyozaliwa ni somo tamu kwa mtoto. Zamani mito ya huku, Katonga, Kafu, Kagera, ilikuwa inatiririka kwenda magharibi. Ardhi ya magharibi ikainuka polepole pembezoni mwa bonde la ufa, mito ikakosa pa kupita, maji yakarudi nyuma yakajikusanya katikati, ndo ziwa hilo. Kyoga nalo angalia ramani, lina vidole vidole, ni mabonde ya mito yaliyofurika. Ndo maana Victoria ni kubwa namna hiyo lakini kina chake ni kama mita 80 tu, wakati Tanganyika ambalo limo ndani ya ufa wenyewe linashuka zaidi ya mita 1,400. Ukipita barabara ya Masaka pale Katonga angalia mafunjo, maji yamesimama hayana haraka ya kwenda popote.

Darasani: sinia, udongo, chora mito kwa kidole iende upande mmoja, mimina maji kidogo, halafu ingiza kijiti chini ya sinia upande yanakoelekea. Usiseme chochote. Waache waone maji yanarudi.

Binti Masaba

Samahani naingilia. Mimi ni wa Bududa, kwenye mlima Elgon. Naomba mwalimu usisahau kutenganisha maporomoko na matetemeko, watoto huku wanachanganya na hata watu wazima. Kwetu mlima ni volkano ya zamani iliyozimika kabisa, mawe yake yameoza kwa miaka na mvua yamekuwa udongo mzito wenye rutuba ajabu, ndo maana watu hawahami, kahawa na matoke vinakubali. Mvua ikinyesha siku nyingi udongo unakunywa maji unakuwa mzito, unateleza juu ya tabaka la chini. Hakuna moto hapo wala ufa wa dunia. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi kilifunikwa hivyo, jioni, na watu mamia hatukuwapata wote.

Watoto wangu nawafundisha kuangalia. Ufa mpya juu ya shamba kwenye mteremko, miti iliyoanza kuinama, mlango uliokuwa unafunga leo haufungi, chemchemi imebadilika ikawa matope. Ukiona hivyo na mvua haijaacha, toka, mwambie mtu mzima. Hiyo nayo ni ganda la dunia linabadilika, na kwetu hilo ndo la kwanza kujua kabla ya hayo ya bilioni.

MwalimuMpakani

Dada pole sana. Na umenipa mpangilio, nilikuwa naanza na kiini cha dunia nashuka... yaani napanda kuja juu. Nitaanza na kinachoonekana. Nyuma ya darasa letu pana mkato walipochimba murram, ule udongo mwekundu wa barabara, matabaka yanaonekana wazi, mekundu, ya kokoto, mengine ya kijivu, miaka yote watoto wanapigia mpira hapo.

Neno lenyewe pia, mnaita nini? Ganda, gamba, ukoko? Kuna mahali nimesoma "gandunia" nikadhani ni jina la mtu.

Afande Mstaafu

Ukoko ni wa sufuria. Usiwachanganye watoto wenye njaa.

Fundi Mawe

Ganda la dunia linatosha. Gandunia wanatumia kwa ganda pamoja na sehemu ya juu ya koti iliyoshikamana nalo, ndo inayokatika kuwa mabamba. P.5 hawahitaji. Waachie wakubwa.

Sasa vifaa, niliahidi. Rwenzori naifundisha na mgomba. Kata kipande cha mgomba urefu wa mkono, kilaze, kikate mara mbili kwa mshazari ili cha katikati kiwe kipana juu na chembamba chini. Vibane pamoja, halafu wawili wavute vya pembeni taratibu. Cha katikati kinashuka chenyewe. Hilo ndo bonde, hapo weka Albert, hapo Edward na George. Chukua mgomba mwingine ukate kinyume, cha katikati chembamba juu na kipana chini, vuta, vya pembeni vinashuka, cha katikati kinabaki kimesimama. Hiyo Rwenzori yako. Sio volkano ule mlima hata kidogo, ni kipande cha ganda kilichobaki juu na kuinuka huku majirani wameshuka, ndo maana ukipanda mpaka kilele cha Margherita mita 5,109 unakanyaga mawe yaliyokuwa ndani kabisa ya ardhi. Kwa nini umeinuka juu kiasi hicho mahali ambapo ardhi inavutwa, hapo wataalamu bado wanabishana.

Kubishana kwenyewe ni kwa siku nyingi. Gregory, Mwingereza aliyetembea Bonde la Ufa kule Kenya mwaka 1893, alisema ardhi imevutwa katikati ikazama. Wayland, aliyekuja Entebbe 1919 kuanzisha idara ya mawe ya Uganda, akaangalia Albert akasema hapana, imebanwa toka pembeni. Watu wenye akili zao, mawe yale yale! Leo vipimo vya setilaiti vinaonyesha inavutwa. Mwalimu usiwape watoto jibu, wagawe mara mbili, hawa wa Gregory hawa wa Wayland, wapewe boksi lile la biskuti la plastiki, matabaka ya unga ndani, kadibodi ya kusogeza. Wengine wavute wengine wabane.

Mama Tendo

Unga gani?

Fundi Mawe

Wa muhogo mweupe na wa ulezi, rangi zinapishana vizuri unaona ufa wenyewe.

Mama Tendo

Hapana. Yaani kilo za ulezi mtoto achezee? Hiyo shule ya matajiri gani. Watoto wengine hapo wamekuja bila uji asubuhi halafu unawamwagia unga mbele ya macho.

Fundi Mawe

Nimekosa mama. Unga wa mbao na mchanga.

MwalimuMpakani

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita, ripoti.

Siku ya kwanza nimewapeleka kwenye mkato wa murram. Nikawaambia chora unachokiona tu, msinipe majina. Themanini na kitu nje, mkuu wa shule akachungulia mara tatu. Mmoja akagundua tabaka la kokoto za mviringo kama za mtoni na hapo hakuna mto. Wakabishana wenyewe mpaka wakasema mto ulihama. Sikutia neno.

Siku ya pili nikaomba msamaha. Nikamwita yule mtoto mbele nikasema swali lako lilikuwa sahihi na mimi niliwafundisha vibaya, uji haupo. Kimya kikubwa. Halafu mwingine akauliza kama na mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, utaomba msamaha 😅

Mgomba ulifanya kazi ila utomvu umeharibu mashati, waambieni wazazi mapema. Boksi nalo nilipata unga wa mbao kwa fundi wa vitanda pale senta, nikamwambia ni wa mwalimu akanijazia gunia bure. Timu ya kuvuta walipata bonde safi, kingo mbili kabisa zinaonekana pembeni ya boksi, timu ya kubana wakapata nundu, halafu timu ya kubana wakakataa kushindwa wakasema na Rwenzori je? Nikawaambia mko pamoja na bwana Wayland wa Entebbe, wakafurahi kama wameshinda.

Kucha tumepaka rangi kwenye mzizi, kila mtu kidole kimoja, tunapima mwisho wa mwezi.

Sasa yule mtoto. Jana tunafunga boksi kaniuliza "Ticha, kama huku kwetu inavutwa kila mwaka, dunia inakuwa kubwa au kuna mahali inapungua?" Safari hii sikucheka. Nimemwambia nipe siku mbili.

Fundi Mawe

Aisee huyo mtoto. Inapungua mahali. Dunia haikui. Huku inavutwa, na katikati ya bahari za dunia ganda jipya linazaliwa, lakini kule Chile, Japani, Indonesia sakafu ya bahari inazama chini ya jirani yake inarudi kwenye koti. Ndo maana karibu sakafu yote ya bahari haizidi miaka milioni 200, inazaliwa na kumezwa, wakati mawe ya kaskazini huko Uganda mengine yamepita bilioni 2 na nusu.

MwalimuMpakani

Hiyo ya kumezwa naionyeshaje? Migomba imeisha, mama mwenye shamba amekataa.

Fundi Mawe

Mikeka miwili sakafuni, ncha kwa ncha. Sukuma. Mmoja utapanda mwingine utaingia chini.

MwalimuMpakani

Mikeka ipo.